Jivu Alipokataa Kupita Makaburini

Vuta kigoda ukae, nikusimulie polepole. Kila nifunguapo mlango wa stoo ya matandiko, harufu ya ngozi iliyolowa jasho la farasi na kupakwa mafuta ya alizeti hunipokea, nami hujikuta nimesimama kizingitini nikisubiri mtu anikemee: "Asha, viatu!" Hakuna anayenikemea siku hizi. Lakini viatu navua.

Mwenye kukemea alikuwa Mjomba Shomari, kaka yake mama. Kwetu Waluguru mjomba ni mtu mzito. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba halijibiwi. Alitunza farasi kwenye shamba moja chini ya mlima, ambako mama mmoja kutoka Arusha, tuliyemwita Mama Nuru, alikodisha farasi kwa wageni. Watu wa Mafiga, mtaani kwetu, waliwaona farasi wale kama punda waliosoma. Mjomba alikuwa na pengo la jino la mbele, na akigonga ulimi kuwaita farasi, sauti ilitoka na unyevu kidogo, kama tone likianguka kisimani. Farasi wote waliinua vichwa.

Nilipokuwa darasa la tano alinipandisha juu ya Jivu, farasi jike mchanga wa rangi ya majivu, kwa sababu nilikuwa mwepesi na sikuwa mwoga. Jivu alishakubali tandiko, na alijua kutembea na kudundadunda, ule mwendo wa haraka kidogo unaomrusharusha aliyempanda. Kilichobaki kilikuwa shoti ya taratibu. Nikueleze ni nini, maana wengi hudhani farasi ana kutembea na kukimbia tu. Katika shoti ya taratibu kwato hugonga mara tatu, kisha kunakuwa na kimya kifupi, mnyama mzima yuko hewani. Ta-ta-tam, kimya. Ta-ta-tam, kimya. Aliyempanda huhisi kama anabembezwa. "Usisikilize kwato," Mjomba aliniambia. "Kwato hata kiziwi anazihisi. Sikiliza kile kimya. Kikiwa sawasawa, mnyama ametulia."

Mama Nuru alikuwa ametoa neno lake: Jivu asipojua shoti kabla ya wageni wa Desemba, anauzwa Dar akavute gari la maharusi. Nililia siku nzima. Nilimwona Jivu kafungwa mashada ya plastiki kichwani, akipigiwa honi na bodaboda.

Basi tukafanya kazi. Sehemu pekee iliyokuwa tambarare ilikuwa njia ndefu kutoka kisimani hadi kwenye mahindi, na katikati yake njia hiyo ilipita kwenye makaburi ya ukoo wetu. Kwetu mtu hakimbii makaburini. Unapunguza mwendo, unawasalimu waliolala, unapita kwa adabu. Kwa hiyo Jivu alitoka kisimani kwa shoti, akafika makaburini akatembea, na baada ya kaburi la mwisho, pale ambapo Mjomba alisimama ili atuone pande zote mbili, Mjomba aligonga ulimi, naye Jivu akaondoka tena hadi kwenye mahindi. Asubuhi kwa asubuhi, vivyo hivyo. Hakuna kati yetu aliyejiuliza ni kitu gani hasa tulichokuwa tukimfundisha.

Kisha homa ikamchukua Mjomba. Mawingu ya vuli yalikuwa yanashuka Uluguru tulipomzika, na kaburi lake likachimbwa mwisho wa safu, hatua chache kutoka pale alipozoea kusimama.

Nilipompanda tena, Jivu alitoka kisimani vizuri. Akaingia makaburini akitembea. Akafika kwenye udongo mpya, akasimama. Masikio yote mawili yalielekea mahali pale. Nikambana kwa miguu, hakusogea. Ngozi yake ilitetemeka chini ya tandiko, kisha akalia, kilio kirefu cha kumwita mtu aliye mbali. Nilihisi kilio kile kikipita kwenye mapaja yangu.

Habari ilifika Mafiga kabla yangu. Watoto wenzangu walinisubiri njiani. "Asha, muulize punda wako, mjomba leo kavaa nini!" Walicheka, lakini hakuna hata mmoja aliyethubutu kunigusa nguo. Mama yangu hakucheka. "Mnyama yule anamwona," alisema. "Hutampanda tena."

"Mama, atauzwa."

"Na auzwe! Kaka yangu nimemzika, na wewe nikuzike?"

Asubuhi ambayo Mama Nuru alikuja kumtazama Jivu, niliamka nikamkuta mama ameshavaa, kanga imefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda shamba. "Twende," alisema. Tulitembea pamoja hadi shambani, akanitazama nikimtandika Jivu, kisha akatangulia makaburini peke yake, akasimama kando ya udongo ule. Mama Nuru alikuwa mbali, kwenye mahindi, amejikinga jua kwa kiganja.

Jivu alitoka kwa shoti. Ta-ta-tam, kimya. Akatembea. Akasimama palepale, masikio mbele.

Mama akainama. "Kaka," alisema, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mgonjwa, "mtoto wako anapita. Mruhusu."

Upepo ulikuwa umekufa. Ndipo nikausikia ulimi ukigonga, mara moja, kwa unyevu ule. Jivu aliinuka chini yangu kama maji yanavyoinuka, akaondoka hadi kwenye mahindi, na Mama Nuru akapiga makofi. "Kumbe anajua!" Jivu hakuuzwa.

Njiani kurudi mama aliuliza, bila kunitazama, "Uligonga wewe?"

"Hapana. Wewe je?"

"Mimi? Ulimi wangu ulikuwa mkavu kama gunzi." Akaongeza mwendo.

Niliishi na sauti ile miaka mingi. Leo nami nafundisha farasi wachanga, na naelewa kwamba Jivu huenda hakuona mtu. Alikuwa anasubiri ruhusa mahali alipofundishwa kuisubiri. Kosa lilikuwa letu, la watu wenye adabu kwa wafu wao. Hilo lilinitosha, mpaka mwanafunzi wangu mmoja alipouliza, "Dada, mbona unagonga ulimi kila farasi akitaka kuondoka?" Nikakana. Akanionyesha kwenye simu, alikonirekodi. Midomo yangu ilikuwa inacheza. Basi huenda na siku ile nilikuwa mimi. Ila meno yangu yote yapo, na sauti iliyotoka kwenye simu ilikuwa na unyevu, kama tone kisimani. Nilimrudishia simu, nikaenda kukaa juani.

Sijui mtu akifa sehemu yake gani hubaki, na ndani ya nani. Najua tu kwamba hata aliyebaki akisubiri lazima aondoke. Kwa hiyo, siku ukiwa juu ya farasi mchanga anayesita, fanya hivi: toa pumzi, kaa wima, rudisha mguu wako wa nje, ule ulio mbali na upande anakogeukia, nyuma kidogo umguse ubavuni. Akiondoka, legeza mikono.