Taa Zilizopimwa Gari Likiwa Tupu

Siku moja naikumbuka hata nikifumba macho, mwanangu, tena nikiyafumba ndipo naiona vizuri zaidi. Nimekuita kwa sababu nimeliona gari lako ulilonunua, kuukuu lakini zuri, na nimeziona taa mpya ulizolifungia. Umesema kesho unakwenda Misungwi na mkeo kuchukua mahindi, na kwamba mtarudi magharibi. Niliogopa pale pale. Sikutaka kusema mbele ya mkeo, lakini niliogopa.

Enzi za usichana wangu niliendesha pikapu. Usicheke. Pale Mkuyuni wanawake wenye leseni tulikuwa wa kutafutwa kwa tochi, nami nilijua hivyo, na nilihakikisha kila mtu anajua. Pikapu yenyewe ilikuwa imekula chumvi nyingi. Taa moja ya mbele ilipasuka kwa jiwe, na ya pili ilikuwa imefifia kama jicho la mgonjwa. Nikanunua mpya mbili, fundi akazifunga huku nimesimama pembeni na bisibisi mkononi, maana sikupenda gari langu liguswe nisipoona. Tukalisogeza mbele ya ukuta wa duka, tukachora alama za chaki, tukakaza na kulegeza skrubu mpaka mwanga ukakaa chini kidogo ya alama, kushoto na kulia sawasawa. Kazi safi. Fundi aliridhika, nami niliridhika. Hakuna aliyekumbuka kwamba gari lilikuwa tupu.

Kesho yake nilikwenda Magu kupakia mpunga. Magunia yalipangwa mpaka spring za nyuma zikalala, na sikuona ajabu, maana kwetu gari lisiloinamisha makalio tunaona halijapakia. Nikaondoka jua linazama. Nyumbani kwa baba yangu palikuwa kandokando ya barabara hiyo hiyo, na jioni ng'ombe wake walivuka lami wakirudi kutoka kunywa maji ziwani. Nilikuwa nimepanga kupita kumsalimia.

Giza likaniingilia njiani, nikawasha taa. Lo, zilikuwa kali! Niliona matawi ya miti, niliona mpaka nyaya za simu. Waliokuja mbele yangu walinimulika na kunipigia honi, dereva mmoja akanitukana, nami nikasema ni wivu tu. Nyani haoni kundule, mwanangu.

Ndipo nikaiona fimbo. Fimbo nyeupe imesimama hewani katikati ya barabara, mkono umeishika, na chini ya mkono hakuna mtu.

Sisi tuliolelewa kule tulifundishwa tangu utotoni kwamba ukikutana na mauzauza njiani usisimame, usiulize, pita. Mguu wangu ulikuwa umeshaanza kukandamiza mafuta. Nasema kweli mbele ya Mungu, nilikuwa naongeza mwendo.

Kisha, kupitia dirisha lililokuwa wazi, nikasikia mluzi. Kila mchungaji ana mluzi wake. Ng'ombe wake wanaujua, na watoto wake wanaujua. Ule ulikuwa wa baba yangu.

Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Mzigo ukanisukuma kutoka nyuma, gari likaserereka, likapinda, nikapiga kelele nikimwita mama. Liliposimama sikuweza kushuka. Niliogopa kutazama mbele. Nilishika usukani, nikisikiliza kama kuna mtu anayelia.

Baba akaja akipapasa mlango kwa kiganja, macho kayafumba, machozi yanamtoka kwa ule mwanga. Alikuwa amejitanda blanketi jeusi mpaka kichwani kwa ajili ya upepo wa ziwani, ndiyo maana sikuona mwili wake. Miguu yake na lami yote vilibaki gizani, kwa kuwa mzigo wa nyuma ulikuwa umeinua pua ya gari, na taa zangu zilikuwa zinamulika juu. Hakujua ni nani aliyemo garini.

"Dereva," alisema taratibu, "mimi ni mtu. Navusha ng'ombe."

"Shikamoo, baba," nilijibu.

"Marahaba. Kumbe ni wewe, mama?" Aliniita mama siku zote, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake.

Nilitegemea matusi, na ningeyapokea kwa furaha. Badala yake alivusha ng'ombe wake, akaniambia niliingize gari uwanjani kwake, taa zibaki zinawaka. Akaniamuru nisimame mbele, mbali kidogo, kisha akaingia yeye akakaa kwenye usukani.

"Unaniona?" aliuliza.

"Sikuoni, baba."

"Tazama vizuri. Unaniona?"

Nilitazama mpaka machozi yakanitoka. Niliona weupe tu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa barabarani, maana baba yangu mzazi alikuwa amekaa pale, nami sikuona hata kivuli chake.

"Sikuoni."

"Nami sikukuona," alisema. "Tungezikana bila kuonana, mama."

Akazima taa, akaingia kulala. Sikupata usingizi.

Alfajiri kabla hakujapambazuka tulizipima upya kwenye ukuta wa nyumba yake, magunia yakiwa ndani. Alama alizichora yeye, kwa mkaa. Hakunilaumu tena mpaka alipokufa. Lakini tangu siku ile, akisikia mngurumo wa gari hata likiwa bado mbali, alitoka barabarani haraka, ng'ombe akawaacha wajivukie. Mzee asiyeogopa fisi aliogopa taa. Kila nilipokwenda kumtembelea nilimwona, na moyo unaniuma mpaka leo.

Basi nisikilize, mwanangu, maana tahadhari ni kabla ya hatari. Taa zikichakaa badilisha zote mbili, usiache moja kali na moja hafifu, watu wakakudhani pikipiki. Globu usiishike kioo chake kwa vidole vitupu, itaungua mapema. Jaza matairi upepo, pakia mzigo wako wote, ndipo utafute ukuta na sehemu tambarare. Sogeza gari karibu, weka alama usawa wa taa, lirudishe nyuma hatua kadhaa, kisha ushushe mwanga mpaka ukae kiganja kimoja chini ya alama. Ukishapakua, upime tena. Ni usumbufu, ndiyo, najua. Na wakikumulika wengi njiani usiseme ni wivu kama mimi. Simama, shuka, kaangalie.

Hata ukuta ukikuambia ziko sawa, kesho pale Misungwi, mkishapakia, mweke mkeo kwenye usukani na wewe usimame mbele, kwenye mwanga. Mwulize kama anakuona miguu. Kisha mtafute uso wake. Usipouona, lala huko huko, mahindi hayaozi kwa siku moja.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie, amlinde mkeo ubavuni pako, na awalinde wale usiowajua wanaorudi makwao kwa miguu. Na mzee yeyote atakayeinua fimbo mbele yako gizani, Mungu akujalie umwone mzima, kuanzia nyayo.