Zdenka na daraja lililofunguka kwa kuchelewa

Saa moja asubuhi, Zdenka Mavrin anapiga deki ofisi ya mpakani ambayo haiingii mtu tena. Nje, gari moja moja linatoka Kroatia na kuingia Slovenia bila hata kupunguza mwendo. Tangu nchi hizi mbili zifute ukaguzi wa mpakani, kizuizi kimeng'olewa. Dirisha la pasipoti limezibwa kwa mbao.

"Miaka ishirini na minane nimefuta matope ya buti za polisi," anasema mama huyu wa miaka 61. "Sasa nafuta vumbi tu, nalo halina mwenyewe."

Mwisho wa mwezi jengo litabomolewa, na ajira yake itaishia hapo.

Lakini si jengo linalomliza. Ng'ambo ya daraja la mpakani, upande wa Slovenia, mwendo wa dakika tano kwa miguu, ndiko alikoolewa mdogo wake, Ljerka. Kila Jumapili walikula pamoja. Kisha ikaja korona, daraja likazibwa kwa vipande vya zege. Aprili ile, Ljerka akafariki.

Zdenka alikwenda kizuizini amevaa nguo nyeusi. Zamuni alikuwa Bojan, askari aliyezoea kunywa kahawa aliyoipika Zdenka kila siku.

"Nikamwambia, 'Bojan, nusu saa tu, nikamzike mdogo wangu.' Akainamisha kichwa. 'Mama Zdenka, usiniponze.' Kengele za kanisa nilizisikia nikiwa nimeshika chuma cha kizuizi."

Shemeji yake, Drago, mume wa Ljerka, hajamsamehe kwa kutofika mazikoni. Anaamini mtu anayeshinda na polisi hakosi pa kupenyea.

Jumapili iliyopita, mwandishi wa makala haya alimsindikiza. Zdenka alibeba keki ya tufaha. Drago alikuwa uani, anapasua kuni.

"Umekuja?" alisema bila kugeuka. "Siku hizi hata mbuzi anapita, shemeji."

"Nimekuja, Drago."

"Umechelewa."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Zdenka aliiacha keki juu ya gogo, akaenda makaburini kung'oa magugu kwenye kaburi la mdogo wake. Aling'oa hata yale machanga yasiyoonekana vizuri. Aliporudi, keki haikuwepo. Mlango ulikuwa bado umefungwa.

"Labda kaila yeye, labda kaila mbwa," anasema sasa, akikamua tambara la deki. "Si kitu. Kazi ikiisha nitakuwa na muda. Jumapili nitaoka nyingine."