Karatasi za Bibi

Juzi kijana mmoja wa ofisini kwetu alisimama nyuma ya kiti changu, akanitazama nikihifadhi kazi yangu kwenye faili la maandishi matupu, kisha nikaichapisha kwenye karatasi.

“Dada, siku hizi si unaiachia tu akili bandia ikutunzie,” aliniambia kwa upole.

Zana hizo nazitumia, msomaji wangu, na nazisifu. Programu iliyokuwa ikinilia wiki nzima, sasa naimaliza asubuhi moja. Ila kuziachia kitu ambacho sina nakala yake, hapo mkono wangu hugoma. Kijana hakujua nimetoka wapi.

Nimetoka Area D, Dodoma, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka yakaanza kujaa redio na sabuni za kila rangi. Mama alikuwa mpiga chapa wa ofisi moja. Jioni alikuja na taipureta nyumbani, nami nikikoroga mlenda niliisikia ikigonga pamoja na upepo wa vumbi juu ya bati. Bibi, mama yake, alikuwa amekuja kutoka Kondoa kutibiwa miguu. Alikaa mkekani akimenya karanga na kusimulia ukoo, nusu Kirangi, nusu Kiswahili, na mama akachapa yote. Mtoto wa kwanza wa bibi alifariki angali ananyonya. Bibi alitaka siku yake ikifika alazwe kando ya mwanawe. Kaburi lilikuwa kilimani huko Kondoa, bila alama. Aliyejua lilipo alikuwa yeye tu, na sasa zile karatasi.

Ndipo kompyuta ikaja ofisini. Mama akaipenda kama mtoto mchanga. Alihamishia maneno yote kwenye disketi, karatasi akanipa niwashie jiko.

Bibi aliigeuza disketi viganjani. “Mmeniweka humu?”

“Ndiyo, mama. Humu hupotei.”

“Na mkitaka kunitoa?”

Mama alicheka. Bibi hakucheka.

Alirudi Kondoa, na wakati wa mavuno akafariki. Wajomba walipomuuliza kuhusu kaburi siku za mwisho, alijibu tu, “Dada yenu ameandika.” Mama alikimbia na disketi ofisini. Kompyuta ya zamani ilikuwa imeshaondolewa. Mpya ikaonyesha jina la bibi, halafu alama zisizosomeka, ukurasa baada ya ukurasa. Alijaribu kukumbuka, lakini maneno yalikuwa yamempitia vidoleni bila kukaa kichwani. Mazishi hayakuweza kungoja. Wajomba walizunguka kilima wakibishana mpaka alasiri, mwishowe wakachimba penye udongo laini.

Mama hakupiga chapa tena nyumbani. Wala hakunilaumu. Miaka mingi baadaye, tukichambua mchicha uani, aliniuliza bila kuinua macho, “Zile karatasi, hukusoma hata moja?”

Nikamwambia sikusoma.

Nilimdanganya. Nilisoma mstari mmoja moto ukiukimbilia: “hatua arobaini kutoka kwenye”. Kilichofuata kilikuwa kimeshaungua.

Sasa mama naye hayupo, na wajomba wamekwisha. Kile kilima kimelimwa alizeti mpaka juu. Kila nikienda Kondoa hupita pale, na miguu yangu huanza kuhesabu yenyewe, moja, mbili, tatu, nami sijui nimeanzia wapi.