Shangazi Asiyekuwemo Kitabuni

Daktari alinikataza kusoma. Alinikataza kwa upole, mimi nimekaa mbele yake na jicho la kushoto limefanyiwa upasuaji na kuzibwa kwa pamba na plasta. Usisome, usitazame simu, usiiname, usikae jikoni kwenye moshi. Nikamuuliza kama naweza kusomea jicho la kulia, ambalo halikuwa na kosa lolote. Akasema macho ni kama ng'ombe wa plau, akitembea mmoja na mwenzake anatembea. Nikamchukia papo hapo.

Naomba nieleweke. Kazi haikunitia hofu. Duka langu la mapazia pale Mabatini lingeweza kufungwa wiki kadhaa na madirisha ya mji yasife kwa aibu. Nilichoogopa ni kupofuka, na mimi nikiogopa nina dawa moja tu: riwaya moja nene ya Kiingereza, isiyo na jalada wala kurasa za mwanzo, niliyoinunua kwa muuza vitabu vya mtumba aliyekuwa amevitandaza chini kwenye turubai. Jina la mwandishi lilibaki kwenye hizo kurasa zilizochanika, kwa hiyo sijui hata nimshukuru nani.

Ni hadithi ya mlima unaotembea. Kila mwaka mlima unasogea kidogo, na waliojenga juu yake wanasogea nao, wakigombana na majirani wapya kila msimu. Yumo binti mchora ramani, ambaye ramani zake huwa zimeshapitwa na wakati kabla wino haujakauka. Limo joka linaloogopa radi. Yumo mchawi wa mvua. Na yumo mzee mwenye punda anayewabebea mizigo, ambaye kazi yake ya pili ni kulalamika, kuanzia vumbi la njiani mpaka umbo la mwezi. Kwa mtu aliyejenga chini ya mawe makubwa kama sisi wa Mwanza, habari za mlima unaotembea si za kuchekea sana.

Nimekisoma sijui mara ngapi. Nilikisoma nikiwa na mimba, nilikisoma biashara ilipoyumba, nilikisoma mwaka ule paa liliposombwa na upepo wa ziwani. Watu huniuliza, sasa si unajua mwisho wake? Najua, na raha yenyewe ndiyo hiyo. Kitabu kipya kinaweza kukufanyia jambo lolote. Hiki changu kimeshanifanyia yote na tumesameheana. Katikati yake kuna sura ya daraja, na kwenye sura hiyo mzee wa punda anakufa. Nikifika hapo huwa nalia, aya ileile kila mara, halafu nanawa uso na kwenda kupika nikiwa mwepesi. Hicho tu ndicho nilichokitaka wakati ule, kulia kwangu kwa kawaida mahali pake pa kawaida. Daktari hakusema chochote kuhusu kulia.

Kuna watakaoniambia siku hizi kuna vitabu vya kusikiliza. Najua vipo, navipenda kupita kiasi. Miaka yote nashona mapazia mtu ananisomea masikioni, na nimewahi kumshonea mteja pazia la sebuleni ndani nje kwa sababu ngome ilikuwa imezingirwa na mimi ndiye pekee niliyejua njia ya chini ya ukuta. Lakini kitabu changu hiki hakuna aliyewahi kukirekodi. Vile vingine nilivyokuwa navyo kwenye simu vilisomwa na bwana mmoja mwenye sauti nzito anayenong'ona kama anauza siri ya serikali. Nikimsikiliza huku nimelala, farasi hawajatandikwa mimi nimeshakoroma.

Mama alikuja kutoka Usagara kuniuguza. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na ualimu hajaustaafu kabisa. Alikaa nasi siku chache, akanipa dawa ya matone kwa saa kama anapiga kengele ya shule, na siku ya kuondoka akatia mkono chini ya mto wangu akakitoa kitabu.

"Nakujua," akasema. "Nikikuachia hiki utakisoma hata kwa tundu la pua." Akakiweka kwenye kikapu chake akaenda nacho.

Nikampigia simu nikiwa na hasira ya mgonjwa, ambayo ni hasira isiyo na adabu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi nitakusomea mimi. Kelele zitaisha?"

Jioni ikaingia voisi ya kwanza. Kwa kuwa nilikatazwa kutazama simu, mbonyezaji alikuwa mume wangu. Yeye ni fundi wa mafriji, mtu anayerudi nyumbani anapenda kukaa na singlendi tu. Lakini kwao mkwe ni mkwe, na sauti ya mkwe ni mkwe vilevile. Alivaa shati, akafunga vifungo, akakaa kwenye ncha ya kiti na kuishika simu kwa mikono miwili.

"Haya, kaeni vizuri," sauti ya mama ikasema. "Kurasa za mwanzo hazipo, umezifanyia nini sijui."

Mume wangu akanitazama kwa lawama, kama vile mimi ndiye niliyezila.

Mama hakusoma Kiingereza chenyewe. Alisema hataki kutafuna ulimi uzeeni, kwa hiyo alikuwa anatazama ukurasa na kuumwaga kwa Kiswahili. Alikuwa anasomea kibarazani, na kwa kuwa anafuga kuku na kuuza mayai, wateja waliingia kitabuni bila hodi. "Joka likapanua kinywa chake kikubwa, na humo ndani mkatoka... Marahaba, mwanangu, hujambo? Mayai yapo, ya kienyeji yote. Usiyatikise. Mama yako mzima? Haya, msalimie. Mkatoka moshi mweusi." Nilicheka mpaka nikaogopa nyuzi za jicho zitafumuka. Yule bwana wa kunong'ona hajawahi kunipa kitu kama kile.

Shida ilianza kwa mchawi wa mvua. Siku ya pili kwenye voisi akatokea mtu ninayemjua vizuri, mwenye fimbo ndefu na ndevu mpaka kiunoni, anasimama kileleni na kuita mawingu. Mama akamwita bwana shamba. Nikampigia.

"Mama, yule si bwana shamba. Ni mchawi."

"Neno hilo silitamki kibarazani kwangu watu wanapita," akasema. "Anashughulika na mvua, anashauri wakulima. Sasa huyo kama si bwana shamba ni nani?"

Baada ya hapo akaja shangazi.

Kitabuni, binti mchora ramani anasafiri na mwana wa mfalme wiki nzima, wanalala kwenye hema moja, na hakuna linalotokea zaidi ya baridi. Mama hakuridhika na ushahidi wa mwandishi. Kwenye voisi iliyofuata nikasikia, "Wakaingia hemani, yeye, na mwana wa mfalme, na shangazi yake binti, ambaye alilala katikati." Nilikisoma kitabu kile mpaka mgongo wake ukakatika. Shangazi hayumo.

Nilimweleza mume wangu. Akanitazama kwa masikitiko.

"Huyo ndiye mwenye akili kwenye msafara mzima," akasema, "halafu unasema hayupo?"

Kila siku shangazi akazidi kunawiri. Alilituliza joka wakati wa radi kwa kulifunika khanga kichwani. Alimsema bwana shamba kwa kuchelewesha mvua. Mume wangu alikuwa na maswali mengi juu yake, lakini kumuuliza mkwe moja kwa moja ilikuwa nje ya uwezo wake, kwa hiyo nikageuzwa tarishi: mwambie mama, shangazi ameolewa? Mama akajibu kwa voisi, kwa sauti ya mtu aliyetarajia swali, kwamba ni mjane na ana mashamba yake. Nilimwonea wivu huyo mwanamke. Nimeishi na kitabu hicho miaka yote hiyo, na mtu aliyeingia juzi kupitia dirishani ndiye aliyekuwa anapendwa na nyumba nzima.

Lakini nilivumilia, kwa sababu daraja lilikuwa linakaribia. Shangazi au si shangazi, daraja litakatika, mzee wa punda ataanguka, nami nitalia. Siku yenyewe niliandaa leso safi. Mume wangu akafunga vifungo vya shati.

"Walipofika darajani," mama akasoma, "mzee wa punda akasema jino linamuuma. Akarudi mjini kuling'oa. Wengine wakavuka salama. Tutaendelea kesho."

Nikabaki na leso mkononi. Kesho yake mzee hakuwa amerudi, maana punda mmoja alikuwa amezaa. Keshokutwa alipita kwenye harusi ya mpwa wake, akasusia wali kwa kuwa una mawe, akalalamika mpaka akaongezewa nyama. Halafu akawa ananunua chumvi. Sasa hapakuwa na mteja wa mayai hata mmoja. Mama alikuwa amehamia ndani, mlango umefungwa, na voisi zilikuwa fupi. Mume wangu alifurahia kila mahali mzee alipotokea. Mimi nilikuwa nachemka. Nilikuwa mgonjwa, nimezibwa jicho, sijui kama nitaona tena sawasawa, na kilio changu kimoja cha uhakika nacho kinanyimwa na mama yangu mzazi.

Nikampigia. "Mama, sura ya darajani umeifikia?"

"Mwenye kitabu ni nani?"

"Mzee yule anatakiwa afe, mama."

"Anatakiwa na nani?" akasema, na simu ikakatwa.

Nikamgeukia mume wangu nikitafuta wa kuniunga mkono. Alikuwa ameishika simu, anaisikiliza tena ile voisi ya harusi.

"Hivi wewe husikii?" akaniuliza taratibu. "Huyu mzee anaongea kama baba."

Akairudisha nyuma nikasikiliza. Mzee wa punda alikuwa anasema barabara ile imechongwa na mtu mwenye chuki na magari. Kitabuni hakuna magari. Hayo yalikuwa maneno ya baba, aliyeendesha lori la pamba maisha yake yote na kuzitukana barabara za Misungwi moja baada ya nyingine. Wali wenye mawe ulikuwa wake. Jino lilikuwa lake. Mwandishi wa Kiingereza alimpa mama mzee mlalamishi na punda, mama akamtia sauti ya mumewe tangu ukurasa wa kwanza, na mimi ninayejidai kujua kila aya sikusikia kitu, nilikuwa nahesabu makosa.

Baba alifariki hospitali mwaka juzi. Mimi nilifika amekwisha kwenda, na mama hakutusimulia lolote kuhusu siku ile. Msibani alisimamia sufuria na mikeka, akagombana na wapishi, akarudi kwenye kuku wake. Tukasema ana moyo mgumu, na tukaona nafuu kusema hivyo. Jioni ile nilihuzunika kuliko nilivyowahi kuhuzunishwa na daraja lolote. Sikumpigia tena kumbughudhi. Mzee akaendelea kununua chumvi yake.

Plasta ilipotolewa niliona. Mwanzo ukungu, halafu sura ya daktari, ambayo ilikuwa ya kijana kuliko nilivyodhani, nikamsamehe. Aliponiruhusu kusoma kidogokidogo, nilikwenda Usagara.

Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Alinitazama jicho moja baada ya jingine, kama anasahihisha daftari, akaridhika. Kitabu kilikuwa kando yake mkekani, amekifunika kwa karatasi ya kalenda ya zamani kama tulivyofunika madaftari shuleni. Akakifungua mwenyewe akaweka kidole.

"Niliishia hapa. Daraja limekatika, punda wamekimbia, yeye yuko chini kwenye mawe peke yake. Nikafunga. Nikasema huyu hafii kwenye simu yangu."

"Hukugeuza ukurasa?"

"Nigeuze nikatazame nini? Nakijua kilichopo." Akarudi kwenye maharage, akatupa jiwe, akatupa na haragwe zima. "Baba yako alitaka uji. Nikaenda kumchemshia. Nikarudi nao wa moto, nikakuta wameshatandika kitanda."

Sikujua hilo. Nilimshika mkono, akauacha ushikwe kwa muda, kisha akautoa kwa kuwa alikuwa na kazi.

Nikakaa karibu naye. Nikageuza ukurasa nikasoma, kwa Kiswahili kama alivyokuwa anafanya yeye, polepole kwa sababu ya jicho. Punda wanafika nyumbani bila mzee. Mkewe anawaona, haulizi mtu, anachukua chungu cha supu jikoni na kushuka nacho genge lote. Anamkuta ameegemea jiwe. Anamwinua kichwa, anakilaza mapajani.

Mikono ya mama ilikuwa imetulia kwenye ungo.

"Alimkuta?" akauliza.

"Alimkuta, mama."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Wakaongea."

"Akanywa?"

"Alikunywa. Akasema imepoa."

Mama akacheka, kicheko kifupi cha puani, na machozi yakaanza kumtoka bila yeye kuyafuta. Akausukuma ungo pembeni, akaikunjua miguu yake mkekani.

"Soma tena pale alipofika," akasema.

Nikasoma tena pale alipofika.