Bisibisi ya Mthamini

Katika kila maonyesho ya bastola za zamani hapa Ohio, Lorene huuza mikoba ya ngozi jirani na meza ya mthamini, na hamwamini hata kidogo. Mzee huyo hunusa chuma kwanza, asije akauziwa rangi mpya, ndipo afungue skrubu kwa bisibisi yake na kulinganisha namba za kila kipande, hata zilizofichika ndani. Zikilingana zote, bastola ni adimu.

Leo mjane mmoja alileta bastola ya Kijerumani ambayo mumewe alirudi nayo kutoka vitani. Mthamini aliinusa, akaigeuza, akaguna.

“Ya kawaida tu, mama. Vibao vya mpini vimebadilishwa, namba ya ndani ni nyingine. Niuzie mimi kwa bei ndogo.”

Lorene aliitazama bisibisi, ikiwa bado imechomekwa kwenye mfuko wa shati la mthamini.

“Hiyo namba ya ndani umeisomea wapi, bwana?”