Taa Iliyowaka kwa Fundi

Fundi wetu wa kompyuta amefariki, kule Uru mlimani, na habari zake zimenitia hofu kuliko huzuni. Alikutwa kitandani siku kadhaa baada ya kufa. Majirani wa ng'ambo ya korongo hawakushtuka, maana taa yake ya sola, inayojiwasha yenyewe giza likiingia, iliwaka kila jioni. "Yupo," waliambiana, wakaendelea na migomba yao.

Mniwie radhi wasomaji, nitoke nje ya njia kidogo. Huyu ndiye tuliyemwita kwenye chama chetu cha maziwa siku kompyuta ya tangi la kupozea maziwa ilipoganda, ikakwama. Kioo kilionyesha ubaridi mzuri, nasi tukaridhika, kumbe namba ile ilikuwa ya jana yake na maziwa yameshachacha. Fundi akatueleza kwamba ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, kuna saa ya ulinzi. Programu huigusa kila mara kusema ipo hai. Ikinyamaza, saa huizima mashine na kuiwasha upya. Waliotuuzia walikuwa wameiacha imezimwa. Mwenyekiti wetu akasita. "Mwanangu, si itajizima tukiwa tunapokea maziwa?" "Bora ijizime iamke, mama, kuliko ikae macho wazi imekufa." "Basi tutaiwasha tukiona dalili." "Dalili gani, mama? Ikiganda haisemi. Hii iwe imewashwa tangu mwanzo." Fundi alikuwa mbishi kwelikweli, nami siku ile nilimwona msumbufu.

Zamani huku mlimani maji ya mfereji yaligawanywa kwa zamu. Usipotokea kwenye zamu yako, watu walipanda hadi kwako kuuliza kulikoni, na hakuna aliyewatuma. Leo kila mtu ana bomba lake na geti lake, watoto wako Dar, na kimya cha mtu tunakiita shughuli nyingi. Mimi nakaa peke yangu, na sifichi, naogopa. Nikianguka bafuni asubuhi, nani atajua?

Juzi nikamwendea jirani yangu, mjane mwenye presha. Nikamwambia asiponiona nimefungulia kuku, aje avunje mlango. Akakubali. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na wa kwangu je, atauvunja nani?" Katika hofu yangu yote sikuwa nimemfikiria. Wasomaji, kumwangalia mwenzako kuwe kawaida yako, usingoje akuombe. Mimi nilingoja hadi mjane yule akaniomba.