Aliyesimama Mlangoni kwa Kikongwe

Amekufa Riyadh, na aliyenipigia simu ni binti yake. "Bibi, mama ametutoka," akasema, akingoja nilie. Sikulia. Mnaonisoma siku nyingi mnajua sina machozi ya kuazima, na marehemu na mimi hatukupendana tangu siku tulipokutana jikoni. Yeye mtu wa Pemba, mimi wa mjini Unguja; yeye mpishi, mimi mpiga pasi, katika jumba moja la Al-Hamra hapa Jeddah, miaka ile mafuta yalipopanda bei na meli za saruji zikajipanga baharini hata bandari ikashindwa kuzipokea. Kila tajiri alikuwa anajenga, kila tajiri alikuwa na haraka, na haraka zao zote zilituangukia sisi. Yalla, yalla, kutwa, kama wanaswaga mbuzi, kumbe mbuzi ni sisi.

Nilimchukia kwa kujipendekeza kwake. Mama mzazi wa mwenye nyumba alikuwa Bedui wa upande wa Riyadh, amezaliwa hemani, ameletwa uzeeni akae juu ya marumaru asiyoyataka. Hakuna aliyekuwa na haja naye. Marehemu akimaliza vyombo huenda kumkanda miguu na kusikiliza habari za jangwani. "Unatafuta nini kwa yule kikongwe?" nikamwuliza siku moja. "Nasikiliza. Na wewe ungejaribu, shoga, ulimi wako upumzike." Nikamtukana. Matusi nilikuwa nayo tele, ya Kiswahili na ya Kiarabu, na niliyaringia kama wenzangu wanavyoringia dhahabu. Niliamini mwanamke mwenye ulimi mkali hapigwi.

Basi asubuhi moja tukagombana, yeye na mimi, juu ya sufuria aliyosema nimemchafulia, na mimi nikaiacha pasi juu ya kanzu ya mdogo wake mwenye nyumba. Ikachora umbo lake zima mgongoni, hudhurungi. Bwana yule akaja, akaona, akavua igali, ile kamba nyeusi wanayoizungushia kichwani, akaanza kunichapa nayo usoni na mabegani. Nikamjibu kwa silaha niliyokuwa nayo. Nilimtukana yeye, nikamtukana baba yake, na alipozidi nikamtukania mama yake, kwa Kiarabu safi, kwa sauti ya kusikika hadi chumba cha pili, ambako mama huyo huyo alikuwa ameketi na kahawa yake. Kila neno lilinirudia kwa pigo jipya. Nikaanguka. Akatupa igali, akaishika pasi, bado ya moto. "Nakuunguza kama ulivyoiunguza," akasema, "na kesho ikama yako halas! Utoke nchi hii na wanao!" Ikama ndiyo kibali cha kuishi huku, na wanangu watatu walikuwa mtaa wa Al-Mahjar, chumba kimoja, na kule tulikotoka tulitoka kwa kukimbia. Hapakuwa na pa kurudi.

Marehemu hakumshika mkono yule bwana, wala hakumwomba. Alinikamata kwapani, akaniburura hadi mlangoni kwa kikongwe, akasimama wima kizingitini na kusema kwa Kiarabu, kila neno mahali pake: "Mama, dakhila alaiki. Mimi na huyu tumeingia kwako." Kwa watu wa hema, anayesema hivyo keshakuwa chini ya ulinzi wako, awe mwema awe mwovu, na akiguswa umeaibika wewe. Kikongwe yule, ambaye kila siku huinuliwa na watu wawili, aliinuka peke yake.

"Weka pasi chini."

"Mama, huyu amekutukana!"

"Nimesikia, si kiziwi. Ulimi wake choo. Lakini ameingia kwangu. Ukimgusa, umenivua nguo mimi. Hata marehemu baba yako hakuthubutu kumgusa aliyeingia kwangu."

Pasi ikawekwa chini. Mwanamume mzima akambusu mama yake kichwani na kutoka bila ya igali, na habari ya ikama yangu haikutajwa tena katika nyumba ile. Kikongwe akanitazama pale sakafuni, akaniambia nikanawe mdomo.

Mngedhani nilishukuru. Nilimfuata marehemu jikoni, damu puani, nikamwambia, "Nani alikutuma unipigie magoti kwa Mwarabu?" Akaendelea kukatakata vitunguu. "Mimi nilisimama, bibi we. Uliyekuwa chini ni wewe." Nilimnunia miaka. Alipohamia Riyadh sikwenda kumuaga. Huko mtaani Sharafiya nikawaambia watu kwamba ni mwoga, mbembelezaji wa matajiri, na wapo walioniamini. Leo wao ndio wanaolia kwa sauti kubwa kuliko wote. Mimi angalau nasema: nilimsingizia.

Nawaona mabinti wa leo wanakuja kwa mikataba, vinywa wazi kama changu, wakishindana nani amemjibu madam kwa ukali zaidi. Mnajifurahisha. Tusi tamu zaidi maishani mwangu nililitoa siku ile, na halikuizuia pasi. Mtu anayekushambulia ameshaziba masikio. Kumpigia kelele yeye ni kumpa nguvu. Sema na yule ambaye akikusikia hawezi kubaki ameketi. Kila nyumba inaye mmoja. Mtafuteni mapema, mkae naye, mjifunze ni neno gani linamwinua.